Betri ya Siku Nne

Ilford, 9 Machi 2025

Mzee Mshana, shikamoo.

Mimi ni Haika, mtoto wa pili wa marehemu Lyimo, mwenzio wa studio. Mara ya mwisho tulipoonana nilikuwa na miaka kumi na tisa, ukanitania kwamba nikienda Ulaya nitarudi nauza barafu. Sijarudi, na barafu siuzi. Ni msaidizi wa wauguzi katika hospitali moja huku mashariki ya London. Anwani hii nimepewa na mama. Amesema barua pepe inafika stationery ya jirani yako, wanakuchapia kwenye karatasi, na usipigiwe simu kwa sababu masikio yanakusumbua.

Nina shida na kamera ya baba. Lusajo, jirani yetu hapa Ilford, alikuwa likizo Moshi mwezi wa Desemba akaniletea. Inakula betri. Naweka vidonge viwili vipya Jumapili, nikichungulia mshale wa kupima mwanga unapanda na kushuka vizuri. Alhamisi mshale umelala. Nimebadilisha mara tatu. Filimu ya kwanza picha kumi na tano zilitoka, zilizofuata ni nyeupe pee, kwa sababu niliufuata mshale nao ulikuwa unanidanganya. Nisipoitumia naiweka sebuleni juu ya kabati la vyombo, inatazama dirishani, ili niione nikitoka shifti. Haiguswi na mtu.

Sasa sikiliza kwa nini nina haraka. Tarehe 8 Juni, Pentekoste, binti yangu Nancy anapata kipaimara. Baba alipiga kipaimara cha kila mtoto wa ukoo wetu kwa kamera hii, changu kikiwemo, na alikuwa ameahidi kuja kumpiga picha Nancy yeye mwenyewe. Alipofariki Oktoba, pasipoti yangu ilikuwa Croydon kwa watu wa uhamiaji. Ningetoka nchini, maombi yangu yangefutwa. Sikumzika baba yangu, mzee. Picha ya Nancy nataka ipigwe kwa kamera yake, siyo kwa simu. Hilo ndilo jambo pekee lililobaki ninaloweza kumfanyia.

Nifanyeje?

Mwanao,
Haika Lyimo


Himo, 15 Machi 2025

Haika binti Lyimo, marahaba.

Adelina wa stationery kaniletea barua yako imekunjwa kama hati ya mahakama, nikadhani nimeshtakiwa. Kumbe Mchagga analilia betri! Tena betri yenyewe ndogo kama punje ya hindi. Ingekuwa Mpare ningeelewa, sisi tunajulikana kwa kubana. Nyie mnaoongeza ghorofa kila Krismasi mnalia nini?

Haya, tufanye kazi. Fundi haanzi kwa kufungua, anaanza kwa kuuliza. Hizo betri unanunua wapi? Kama ni zile za kwenye kadi, kumi kwa bei ya moja, tupa. Nenda kwa muuza saa umwombe za silva. Umbo ni lilelile ila zinadumu. Usizishike kwa vidole vitupu, jasho linazila. Shika kwa kitambaa. Kisha fungua nyumba ya betri pale chini, kwa sarafu, utazame kama kuna ukungu wa kijani. Ukiuona, chovya kijiti cha pamba kwenye siki, sugua, kausha, halafu pitisha kifutio cha penseli mpaka shaba ing'ae.

Mambo ya msiba usinieleze. Nilikuwepo. Baba yako alizikwa, yaliyobaki ni ya Mungu.

Mtani wenu,
E. Mshana


Ilford, 30 Machi 2025

Shikamoo mzee.

Betri za silva nilizipata kwa Dhiren, muuza saa wa hapa barabarani kwetu. Ukungu ulikuwepo, kidogo. Nimeusugua na siki mpaka nyumba nzima ikanuka kachumbari, Nancy akafungua madirisha yote na baridi hii. Nimeshika kwa kitambaa kama ulivyosema. Siku nne, mzee! Zilezile siku nne. Niliziweka Jumatatu, Ijumaa nikachungulia, mshale umelala fofofo.

Nauliza swali la kijinga: hii kamera inazimwa wapi? Nimeigeuza juu chini, swichi sijaiona. Baba nilimwona akiibeba maisha yangu yote lakini sikumbuki kumwona akiizima. Kuna kitu alikuwa anafanya ambacho mimi sifanyi?

Kaka Nickson nimemuuliza, kanijibu nikanunue mpya. Ndivyo alivyo siku hizi, tangu aokoke kila cha zamani kwake ni mzigo.

Zimebaki wiki kumi.

Haika


Himo, 5 Aprili 2025

Haika,

Swichi haina. Ilitengenezwa hivyo.

Siki ikishindwa, basi huenda umeme unavuja ndani. Tafuta bisibisi ndogo kama ya mafundi miwani. Toa skrubu za chini, uzipange mezani kwa mpangilio uleule ulivyozitoa, maana hazilingani urefu. Ondoa bati. Utaona waya mwembamba mwekundu unaotoka kwenye nyumba ya betri. Angalia kama umechubuka na unagusa chuma. Kama umechubuka, uvike kipande cha utepe. Usiuvute.

Nina wateja.

E. Mshana


Ilford, 21 Aprili 2025, Jumatatu ya Pasaka

Mzee, shikamoo. Sijui nianzie wapi.

Nilifungua juzi Jumamosi. Skrubu nilizipanga kwenye sahani, kila moja na kipande chake cha karatasi. Bati likatoka bila tabu. Waya niliuona, mwekundu kama ulivyosema, mzima, haujachubuka popote. Nikauinua kidogo kwa kibano cha nyusi nione upande wa chini. Sikuuvuta, niliuinua tu. Ukakatika pale ulipounganishwa. Sasa mshale haupandi kabisa, hata betri ikiwa mpya. Mwanzo nilikuwa na kamera ya siku nne, sasa sina hata ya siku moja.

Leo nimeipeleka kwa fundi mmoja mjini, anafungua hata sikukuu. Kaitazama dakika moja, kasema anaweza kuiunga, ila foleni yake imefika Septemba.

Nililia mezani kama mtoto mdogo. Nancy akanitazama, akasema kwa Kiingereza chake kwamba ni kamera tu, mama. 

Najua uliniambia nisiuvute. Kosa ni langu. Lakini niambie la kufanya, wiki saba zimebaki.

Haika


Himo, 23 Aprili 2025

Dada Haika, habari za huko.

Mimi ni Adelina wa stationery. Hatujuani, ila barua zako nazichapa mimi, kwa hiyo nazisoma. Unisamehe, huwezi kuchapa umefumba macho. Na za mzee ananitajia mimi naandika. Jana alipoisoma yako ya Pasaka aliiweka kaunta akatoka, hata kofia yake kaiacha hapa.

Kuna kitu hakwambii. Kamera ile inazimwa kwa kifuniko cha lenzi. Mwanga ukiingia kwenye lenzi, mshale unafanya kazi na betri inaliwa. Ukiifunika, inalala. Mzee alinieleza mwenyewe siku ile ya barua yako ya kwanza. Nikamuuliza, "Sasa mbona hatumwandikii hivyo?" Akaniambia niandike ninachotajiwa.

Kifuniko chenyewe anacho yeye. Kinaning'inia kwenye msumari pale studio. Alikichukua siku ya mazishi, nilikuwepo. Unajua mila zetu: mtani akija msibani ananyakua kitu cha marehemu, wafiwa wanamkimbiza, wanatukanana, wanakikomboa kwa jogoo au kwa chochote, watu wanacheka, uchungu unapungua. Basi mzee alidondosha sarafu kando ya jeneza, akasema, "Mchagga asiposhtuka kwa mlio huu, kweli kafa. Zikeni!" Watu wakaanza kucheka. Kamera ilikuwa mezani pamoja na maua, akachomoa kile kifuniko akakipandisha juu watu wakione. Hapo kaka yako Nickson akasimama, akamwambia mbele ya kadamnasi kwamba ile ni ibada, siyo vichekesho, na atoke. Mzee akatoka nacho mfukoni. Hakuna aliyemfuata mpaka leo.

Hajui kama nimekuandikia. Akijua, atanihama.

Adelina


Ilford, 24 Aprili 2025

Mzee Mshana,

Shikamoo unaipata kwa sababu ya umri tu.

Kifuniko! Umenisugulisha siki, umenifungulisha skrubu, na muda wote ulikuwa unajua. Nilikuuliza waziwazi, kuna kitu baba alikuwa anafanya ambacho mimi sifanyi? Ukanijibu una wateja. Ungesema neno moja tu, "ifunike", ningeifunika hata kwa soksi ya Nancy, na waya ungekuwa mzima leo. Adelina usimguse, ni yeye peke yake aliyenionea huruma.

Na jingine. Mimi niliambiwa mazishi yalikwenda vizuri, kwa utulivu na heshima. Mama aliniambia hivyo, Nickson aliniambia hivyo, shangazi zangu wote. Miezi sita nimekaa na hayo, nikijiliwaza kwamba angalau alizikwa vizuri. Kumbe mwenzie wa studio alifukuzwa mazishini.

Nina hasira na wewe, nina hasira na Nickson, sijui nianze na nani. Nijibu.

Haika


Himo, 28 Aprili 2025

Haika mwanangu,

Hii naandika kwa mkono wangu mwenyewe, Adelina ataipiga picha tu akutumie. Uvumilie mwandiko.

Nimekukosea. Hapo sina "lakini" ya kuongeza.

Sababu nitakwambia, uipime mwenyewe. Kitu cha utani hakirudishwi bure. Nikikirudisha hakijakombolewa, nimesema nyumba ya Lyimo haina watani, na mtu asiye na watani amezikwa kama mzigo uliookotwa njiani. Tena nikikitaja kwako, nimedai kikombolewe. Nimdai nani? Wewe ambaye hukupata hata nafasi ya kutupia udongo? Nikaona aibu. Nikasema nitakuzungusha na betri na siki, mwisho utachoka uipeleke kwa fundi wa huko, akuuzie kifuniko kingine yaishe. Na ule waya nilijua umezeeka. Hapo ndipo panaponiuma.

Halafu nilifukuzwa, mwanangu. Miaka thelathini na minne nimekaa chumba kimoja cha giza na baba yako, tunavuta harufu ya dawa moja, nikaja kutolewa mbele yake kama mlevi. Kiburi kikaniingia. Unatujua Wapare, kesi hatuiachi mpaka ifike Mahakama ya Rufaa.

Sasa kazi. Betri ile ni ya mshale peke yake. Shata ya kamera inafyatuka bila betri, leo, kesho na milele. Baba yako huo mshale hakuutegemea. Mteja akisimama, yeye alikuwa anatazama chini, kwenye kivuli chake. Nawe utafanya hivyohivyo, na waya utaungwa hiyo Septemba yenu. Weka filimu ya mia nne. Kasi iache kwenye mia tano. Kivuli kikiwa na kingo kali kama kimekatwa kwa mkasi, tundu la lenzi liweke kumi na sita. Kingo zikilegea, kumi na moja. Kivuli kikiwa cha kubahatisha, nane. Kivuli hakuna kabisa, tano nukta sita. Ndani ya kanisa usipige, mtoe mtoto nje.

Ila mimi jua la Himo nalijua, la London silijui. Kila siku saa sita mchana simama nje, tazama miguuni, kisha uniandikie.

Mshana


Ilford, 12 Mei 2025

Shikamoo mzee.

Nimekusamehe nusu. Nusu nyingine inasubiri filimu.

Taarifa ya wiki. Jumatatu hakuna kivuli. Jumanne hakuna. Jumatano nilikuwa shifti, nikatoka hadi yanapoegeshwa magari ya wagonjwa, kivuli cha kubahatisha. Alhamisi kingo zimelegea. Ijumaa kilianza na kingo kali kabisa, nikafurahi, basi moja likapita mbele yangu, nilipotazama tena hakipo. Jua la huku ni kama mwali, linachungulia na kurudi ndani. Na siku za mawingu ni giza, mzee, saa sita watu wanawasha taa maofisini. Surinder, ninayefanya naye kazi, aliniuliza nimedondosha nini. Nikamwambia naangalia kivuli changu. Tangu siku hiyo ananiletea chai bila kuombwa na ananiuliza kama nalala vizuri.

Nickson nimempigia. Nimemwambia kifuniko cha baba kiko Himo hakijakombolewa, mimi siwezi kuja, yeye anaweza kufika kwa nusu saa. Akasema hayo mambo ya kipagani aliyaacha alipookoka. Nikamwambia mbona jogoo wa Krismasi hajamwacha. Nikamwambia na hili: mimi nilizuiwa na sheria za watu kumzika baba, wewe ulimzuia mtu ambaye angemzika kuliko sisi sote. Akakata simu.

Mama ameshatenga jogoo. Wa kumpeleka ndiye hajapatikana.

Haika


Himo, 20 Mei 2025

Haika,

Kwa mawingu hayo ya kuwasha taa, tano nukta sita haitoshi. Fungua mpaka nne. Na kila pozi piga tatu: moja ninavyokwambia, moja tundu limefunguka zaidi kidogo, moja limefungwa kidogo. Baba yako alikuwa anapiga moja tu na kuringa, lakini wewe usiringe. Msogelee mtoto. Nyie Wachagga hamuwezi kupiga picha bila nyumba kuonekana nyuma.

Nickson sijamwona. Usigombane na ndugu yako kwa ajili yangu, mimi nimeshazoea.

Mshana


Ilford, 19 Juni 2025

Shikamoo mzee.

Filimu imerudi jana. Kati ya picha thelathini na sita, thelathini zimetoka. Thelathini!

Siku yenyewe ilianza na mvua. Wageni wametoka mpaka Wembley na Croydon, kanisa limejaa, mimi hata mahubiri siyakumbuki, nilikuwa natazama madirisha tu. Tulipotoka nje saa sita, kivuli hakuna. Nikaweka nne, nikapiga za kwanza. Mara jua likatoka ghafla, watu wakaanza kukunja miamvuli. Nikatazama chini, kivuli cha Nancy kipo pale kwenye lami, kingo zimelegea. Kumi na moja. Nancy akaanza kunihimiza kwa Kiingereza, rafiki zake wanamsubiri. Nikamwambia, "Simama hapo, kidevu chini, usinitabasamie kama unauza sabuni." Mzee, maneno ya baba yaleyale! Yalitoka yenyewe, na Nancy akasimama wima kama tulivyokuwa tunasimama sisi. Nikapiga tatu. Jua likaondoka.

Nakutumia ile ya katikati. Nancy ameiweka kwenye simu yake, kila anayempigia anamwona yuleyule wa siku ile, gauni jeupe na viatu vimelowa. Jana aliniomba nimfundishe kutazama kivuli. Aliniuliza kwa Kiingereza, lakini "kivuli" alikisema kwa Kiswahili.

Nusu ya pili ya msamaha hii hapa, pokea.

Nickson hajapokea simu yangu tangu Mei. Mama nikimuuliza habari zake ananieleza habari za kahawa. Basi, nimemwachia Mungu.

Mwanao,
Haika


Himo, 23 Juni 2025

Haika mwanangu, marahaba.

Picha nimeiona. Adelina ameichapa kubwa kuliko alivyoombwa. Juu ya kichwa umeacha nafasi nyingi, sijui ulitaka kumjengea ghorofa. Lakini macho yana uhai, na lile gauni jeupe halikuungua, unaona hata mikunjo yake. Gauni jeupe kwenye jua ndio mtihani wa kazi hii. Umefaulu.

Sasa nikueleze ambalo mama yako alinikataza nisikueleze mpaka filimu irudi, alisema usichanganyikiwe.

Jumapili ileile ya tarehe nane, baada ya kanisa, Nickson alikuja studio. Jogoo kwapani, tai shingoni, hata salamu hakutoa. Akasema, "Mzee, mimi sijui mnafanyaje. Nielekeze." Nikamwambia kwanza unikimbize. Mimi na goti hili! Nikawa natembea, naye ananifuata nyuma polepole na jogoo wake, watu wa Njia Panda wametoka madukani wanatushangaa. Tukaingia garini, tukaenda kaburini. Mama yako alikuwa amekaa tayari. Jogoo nikampokea, kifuniko nikamkabidhi mama yako, Lusajo akija Agosti atakuletea. Naye akanipa koti la kaki la Lyimo, lile la mifuko mingi, nikalivaa.

Nikaanza kuongea kama yeye, kwa pua, unamjua. Nikalalamika kaburi limekaa kinyume na mwanga. Nikauliza nani kanichagulia shada la plastiki. Nikamuuliza mama yako ananitazama nini, hajaniona siku zote? Nickson alikuwa anajikaza, mdomo kaubana. Mwishowe kicheko kikamshinda, akakaa kwenye nyasi na tai yake, na kicheko kikageuka kilio, akalia mpaka mama yako akaenda kumshika. Mama yako kaniambia Oktoba Nickson hakulia hata chozi moja.

Kisha nikauliza kwa sauti ya Lyimo, "Na Haika yuko wapi? Mbona simwoni hapa?"

 Mama yako akajifunika uso kwa khanga. Ilikuwa saa nane huku, kwenu saa sita.

Nickson akajifuta, akasimama, akaelekea kaburini kabisa, akajibu, "Yuko London, baba. Sasa hivi anampiga Nancy picha ya kipaimara."

Nikamjibu kama ambavyo mwenyewe angejibu. Nikasema, "Basi mwacheni, asije akapitwa na mwanga."

Mtani wako,
E. Mshana